Hesabu ya Vigeugeu

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa refu na zuri, lakini pale kiwandani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Nukta, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja. Lilimpata wiki yake ya kwanza kazini, alipozuia lori zima la nyaya za umeme lisitoke kwa sababu kwenye lebo nukta ilikuwa imeruka tarakimu moja, na waya mwembamba wa taa ukasomeka kama waya mnene wa mtambo. Dereva alishuka amefura kama andazi.

"Dada, yaani mimi nisimamishwe na nukta?"

Watu walicheka, lori likarudishwa, na jina likabaki.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mjomba wake, fundi mkuu wa chumba cha vipimo. Huyu alikuwa kaka yake mama. Baba yake Nukta alipofariki, mtoto akiwa hajamaliza hata kung'oa meno ya utoto, mjomba alikuja na sanduku la vifaa akisema amekuja wiki mbili tu kumshika mkono dada yake. Wiki mbili hizo zikanyooka hadi Nukta akaingia chuo kikuu, ndipo mjomba akahama na kuoa, mvi zimeshamwingia. Ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kushika sindano, kuwasha taa ya tochi kwa betri na vipande viwili vya waya, na kuuogopa umeme kwa adabu. "Umeme hauna shemeji," alikuwa akimwambia. "Ukiukosea haukuulizi wewe ni nani wa nani."

Chuoni Nukta alisomea uhandisi, na humo akapenda kile ambacho wenzake walikikimbia: hesabu ya mabadiliko, hasa ile ya vigeugeu vingi, yaani ya vitu vinavyobadilika kwa pamoja, kila kimoja kikilivuta jibu upande wake. Aliporudi likizo akamsimulia mjomba, mjomba alishika kiuno.

"Vigeugeu vingi? Hiyo mimi nimeisoma bila kwenda chuo, mwanangu. Nimefanya kazi chini ya mameneja saba."

Ikatokea kwamba Nukta akaajiriwa kiwanda kile kile, akawa mhandisi wa vipimo, mkubwa wa mjomba wake kazini. Mwingine angeona haya kuwa chini ya mtoto aliyemfunga kamba za viatu. Mjomba alijisifu nalo. Wageni wakija, alikuwa akimwonyesha kwa kidevu: "Unamwona yule bosi wangu? Nimemlea kwa uji." Na Nukta naye, ingawa sahihi ilikuwa yake, hakuwahi kujiona mkubwa mbele ya mtu huyo hata siku moja.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kila mzigo wa waya ukitoka mtamboni, walikata vipande vitatu, kila kimoja mita kumi, wakavinyoosha kimoja kimoja juu ya meza ndefu, vibanio huku na huku. Walipitisha mkondo wa umeme wa kiasi kinachojulikana, kisha wakasoma volti zilizopotea kati ya ncha mbili. Waya mzuri, wenye shaba ya kutosha, huupitisha umeme bila ubishi, na volti huwa ndogo. Waya mbaya hubisha. Volti hupanda, na huko nyumbani kwa mtu ubishi huo hugeuka kuwa joto ndani ya ukuta. Mjomba aliinama kwenye mita akasoma kwa sauti. Nukta alikaa kwenye dawati la pembeni akaandika, akapiga hesabu, akatia sahihi. Baada ya hapo mjomba alibandika kibandiko cha kijani kwenye kila gurudumu la waya, kwa mkono wake, akikipiga kofi mara mbili kama mtu anayemuaga punda. Mpangilio huo ulikuwa wa miaka, na ulikwenda kama wimbo.

Siku ambayo mambo yaliharibika haikuwa na alama yoyote. Nukta alikuja kuikumbuka baadaye kwa shida, kama mtu anayetafuta sura katika umati. Shaba ilikuwa imetoka kwa muuzaji mpya. Meneja alipita mlangoni mara mbili, akauliza kama mzigo utatoka kabla ya chakula cha mchana. Mjomba aliinama.

"Sifuri nukta saba tano."

Akaandika.

"Sifuri nukta saba sita. Hiki cha tatu... saba tano tena. Shaba ya leo imetulia."

Kikomo kilikuwa saba saba. Vyote vitatu vilipita. Nukta aliweka sahihi, akasikia makofi mawili mawili ya vibandiko, wakaenda kula.

Waya huo ulifika kwenye karakana ya ushonaji, chumba chenye vyerehani kumi na pasi nne nzito za mvuke. Siku ya nne baada ya kufungwa, pasi zote nne zikiwa zinafanya kazi, ukuta ulianza kunuka. Fundi cherehani mmoja alikimbilia kuzima swichi kuu, na kabla hajaifikia moto ulitokea nyuma ya kabati la vitambaa ukamshika mkono wa kulia kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyekufa. Wote waliokuwemo walisema hivyo kwanza, "hakuna aliyekufa," kama watu wanaojipa pole.

Mkaguzi wa viwango alikuja kiwandani na gurudumu la waya lililobaki kule karakana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyeshika mkoba wake kwa mikono miwili. Walikata kipande, wakakinyoosha kwenye meza ile ile, na mara hii Nukta aliinama mwenyewe. Mita ilisema sifuri nukta nane sita. Wakakata kingine: nane sita. Mkaguzi akatoa mita yake mwenyewe mkobani, ikasema vilevile. Kwenye cheti kulikuwa na saba tano, saba sita, saba tano, na chini yake sahihi nzuri ya Nukta yenye mkia.

Jioni ile ile alisimamishwa kazi hadi kikao cha uchunguzi kikae.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kwenda kumwona yule fundi cherehani. Alimkuta ukumbini kwake, mkono umefungwa bandeji, mkono wa kushoto ukihangaika kuchambua vifungo kwa rangi. Nukta alijitambulisha, akangoja matusi. Hayakuja.

"Waya ulikuwa mpya kabisa, dada yangu," alisema yule mama. "Una alama ya kijani. Tuliongeza pesa ili tupate wenye alama ya kijani." Kisha akauliza, kwa upole uliomchoma Nukta kuliko tusi: "Kwani ile alama maana yake nini?"

Nukta alimweleza. Yule mama akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumapili mjomba alikuja nyumbani kwa dada yake, pale Nukta alipokuwa bado anaishi. Alikuja na mkate na maneno mengi. Alimkuta mpwa wake amekaa kitandani na nguo za jana, akaketi ukingoni, akamshika bega kama zamani alipofeli mtihani wa shule.

"Usijiue bure, mwanangu. Sema ni kipimo. Kipimo hukosea, nani hajui? Wewe si ndiye uliyesomea makosa ya vipimo? Wapigie hizo hesabu zako, wachanganyikiwe, waseme basi yaishe."

"Unafikiri ni mita, mjomba?"

"Sasa itakuwa nini? Mita ni kuukuu kuliko mimi."

Maneno hayo yalimrudishia Nukta damu mwilini. Kweli! Kila kipimo kina kosa lake, na makosa madogo yakikutana hujazana kama maji ya vijito. Kama angeonyesha kwamba makosa ya kawaida yangeweza kushusha nane sita hadi saba sita, lingekuwa kosa lisilo na mwenyewe. Yeye angepona, mjomba angepona, na mita ingestaafu kwa heshima. Alimkumbatia mjomba mlangoni. Mjomba alimpigapiga mgongoni, akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata Nukta alitandaza karatasi kwenye meza ya kulia chakula. Mama yake alikuwa upande wa pili anakunja nguo zilizokauka, na kama kawaida yake hakuweza kukaa karibu na kazi ya mtu bila kuiulizia.

"Haya, nifundishe na mimi. Unatafuta nini hapo?"

"Natafuta jibu letu lingeweza kukosea kiasi gani, mama. Jibu linategemea vitu vinne. Volti, mkondo, urefu wa waya, na joto la chumba. Kila kimoja kinaweza kuwa kimekosewa kidogo."

"Na utajuaje kipi kimeharibu?"

"Navishika vitatu visitikisike, nakitikisa kimoja tu, kidogo sana, naangalia jibu linatikisika kiasi gani. Nakiacha, nakitikisa kingine. Mwisho najumlisha mitikisiko yote, nikijifanya vyote vimenikosea siku moja, upande mmoja."

Mama alikunja shati, akafikiri. "Kama kumtafuta mtoto aliyemwaga maziwa. Unawatoa wote nje, unabaki na mmoja mmoja."

"Hivyo hivyo."

Nukta alipiga hesabu. Mita ya volti ingeweza kukosea nusu ya asilimia. Ya mkondo, nusu. Urefu, karibu hakuna, maana meza ina alama zilizochongwa kwa patasi. Joto: kila digrii moja iliyokosewa hulisogeza jibu kama asilimia sifuri nukta nne, na kipimajoto cha ukutani kingeweza kuwa kimepotea digrii mbili. Alijumlisha. Hata vitu vyote vikiwa vimemsaliti siku moja, kosa lote halikufika asilimia mbili.

Tofauti kati ya saba sita na nane sita ilikuwa asilimia kumi na tatu.

Alichukua karatasi nyingine. Mara hii aliacha uhandisi akaingia kwenye huruma. Akasema mita ni mbovu maradufu ya kinachoruhusiwa. Kipimajoto kimepotea digrii tano. Mjomba, macho yake yamechoka, amekosea urefu kwa kiganja kizima. Alijumlisha tena: asilimia tano na ushei. Aliongeza, akaongeza, akitafuta kosa kubwa la kutosha kumficha mtu mzima ndani yake. Ili joto peke yake lilete tofauti ile, kipimajoto kingebidi kidanganye zaidi ya digrii thelathini, chumba kiwe kimeganda barafu na wao wamekaa na mashati ya mikono mifupi. Ili urefu peke yake uilete, kipande cha waya kingebidi kipungue mita moja na zaidi, na hakuna asiyeona mita moja ikikosekana mezani.

Labda mjomba aliona nane akasoma saba? Wazo hilo lilimpa pumzi kwa dakika chache. Tarakimu moja, mtu yeyote hukosea. Lakini vipande vilikuwa vitatu. Mara tatu nane igeuke saba, na kila mara saba hiyo itue chini kidogo tu ya kikomo, kwa adabu, kama mgeni anayejua mlango wa nyumba? Na mita ile ile, ikiwa mezani pale pale, ilikuwa imesema kweli mbele ya mkaguzi.

Aliweka kalamu.

"Kwa hiyo mashine ni mbovu?" mama aliuliza.

"Mashine ni nzima, mama."

"Basi mgonjwa ni nani?"

Nukta alikusanya karatasi. Mama yake alimtazama usoni, akashusha macho, akaendelea kukunja shuka ambalo alikuwa ameshalikunja.

Alimkuta mjomba nyumbani kwake, kwenye kibaraza, amepasua redio ya jirani tumbo wazi. Mjomba aliinua uso akatabasamu kweli kweli, na Nukta alijichukia kwa alichokuja nacho. Alianza kwa kumfungulia milango.

"Mjomba, labda kipimajoto kilikuwa kimekufa siku ile."

"Kile? Kimekufa zamani! Andika hivyo."

"Au urefu. Labda tulikata vifupi."

"Inawezekana sana. Kisu kile kina kichaa."

"Vifupi kwa mita moja na robo?"

Mjomba alicheka, akasita, akaangalia redio. Bisibisi yake ilitafuta skrubu ikaikosa.

"Nimepiga hesabu kila upande," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeongeza makosa mpaka nikaona aibu. Hayatoshi, mjomba. Naomba uniambie ulichokiona kwenye mita."

Mjomba aliiweka bisibisi chini, akaegemea.

"Nane sita," alisema. "Vyote vitatu."

Halafu maneno yakamwagika. Meneja alikuwa amemwita siku moja kabla. Shaba ya muuzaji mpya ilikuwa nyembamba, kila mtu kule juu anajua, lakini ilishanunuliwa, na mteja anangoja, na mzigo ukirudi mtambo utasimama. "Akaniambia, mzee, umebakiza mwaka mmoja kustaafu, tusaidiane tuumalize vizuri. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa! Nakujua. Ungesimamisha lori kama siku ile."

"Kwa hiyo ukanisomea uongo nikiwa nimekaa pale pale nyuma yako."

"Meneja alijua utaandika nikisoma mimi," mjomba alisema. "Ndiyo maana aliniita mimi. Angemwita mwingine, ungeinuka ukaangalia mwenyewe."

Nukta alihisi kama ameshika waya usiofunikwa. Hakuwa amefikiria hilo. Alidhani imani yake kwa mjomba ilikuwa kitu cha nyumbani, chao wawili. Kumbe huko ofisini kuna watu waliikalia kikao, wakaipima, wakaona inafaa kwa kazi.

"Na Jumapili," alisema. "Ulikuja ukakaa kitandani kwangu."

"Nilikuja kwa sababu nakupenda, mwanangu." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Niliwaza, wewe una digrii, watakupa onyo, utatafuta kazi nyingine wiki ijayo. Mimi watanitupa kama kopo. Lakini nimekosa. Nimekosa, nakiri. Kwenye kikao nitasimama niseme mwenyewe. Usiseme wewe. Niachie nijisemee, nibaki na hata kipande cha heshima."

Nukta alikubali. Alirudi nyumbani hakumwambia mama kitu, na usingizi wa kwanza wa wiki ile ulimchukua, kwa sababu mjomba hakuwa amewahi kumwahidi jambo asilitimize.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi mdogo wa kiwanda, meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Alikuwapo meneja, tai imekaza shingo, mkaguzi na mkoba wake, mjomba katika suti ya harusi yake, na Nukta. Mkaguzi alimtaka aanze. Nukta alisimama ubaoni akaeleza hesabu yake: vitu vinne, kila kimoja kikitikiswa peke yake, kisha vyote pamoja. Alionyesha kwamba mita haina hatia. Mkaguzi alimfuata mstari kwa mstari, akamrudisha mahali pamoja, akaridhika.

"Basi tumeitoa mashine," alisema mkaguzi. "Wamebaki watu. Nani alisoma?"

Nukta alimtazama mjomba. Mjomba alisimama, akavuta koti. Moyo wa Nukta ulimwendea kwa huruma. Alitamani kumshika mkono.

"Nilisoma mimi," alisema mjomba. "Siwezi kuficha. Nilisoma nane sita, vyote vitatu. Mpwa wangu aliandika saba." Hakumtazama. "Ni mtoto mzuri, ana kazi nyingi, alichoka. Naomba mumsamehe."

Meneja aliinamisha kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa jirani.

Kwa muda Nukta hakuelewa. Kisha akaanza kujitilia shaka yeye. Alirudi kichwani hadi siku ile, akaitafuta sauti: *saba tano*. Alisikia saba? Au ndiyo kweli alichoka? Sauti iliyokuwa inasema yeye ndiye aliyekosea ndiyo iliyomfundisha kuhesabu moja mpaka kumi, na kwa kitambo kidogo, kitambo cha aibu, aliiamini kuliko masikio yake. Sauti ya mkaguzi ikamrudisha.

"Mhandisi, una la kusema?"

Mjomba sasa alikuwa anamtazama. Macho yalikuwa yale yale ya kibarazani, yanaomba. Nukta alijua anachoombwa: aseme ndiyo, nilichoka. Leseni yake ya uhandisi ingefutwa. Mama yake angebaki na kaka. Na mtu huyo ndiye aliyemlea kwa uji.

Halafu akamwona akilini yule mama na vifungo vyake, mkono wa kushoto ukihangaika.

"Baada ya kipimo," alisema Nukta, na alishangaa sauti yake ilivyotulia, "waya unaofaa hubandikwa kibandiko cha kijani. Usiofaa haubandikwi. Muulizeni fundi mkuu, magurudumu ya mzigo ule alibandika nani?"

Mkaguzi alimgeukia mjomba. "Nani alibandika?"

"Mimi... ni kazi yangu."

"Kikomo unakijua?"

"Saba saba," alisema mjomba, kabla hajajizuia. Alikuwa amekisoma kikomo hicho nusu ya maisha yake.

"Kwa hiyo ulisoma nane sita mara tatu, ukajua waya haufai, kisha ukaupa kijani."

Mjomba alimwangalia meneja, na meneja akaangalia chupa ya maji. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Nukta hakuwahi kumwona mtu akifika mwisho wake kwa karibu namna ile. Uzee ulimwingia mjomba akiwa amesimama. Mabega yalishuka ndani ya suti. Akaketi, akaanza kusema yote, mara hii bila kusimama na bila kumtazama yeyote: meneja, shaba, muuzaji, mwaka mmoja.

Nukta hakukaa kusikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshayasikia.

Meneja aliondolewa, mjomba akaachishwa kazi, na nyaya za mzigo ule zikatafutwa nyumba kwa nyumba zikang'olewa kutani. Nukta alirudishwa kazini na onyo kali, kwa sababu alitia sahihi namba ambazo macho yake hayakuziona. Hakulipinga. Aliliona la haki kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, amejishikilia kwenye kiti.

"Ungeweza kunyamaza?"

"Ningeweza, mama."

"Na yeye alijua ukinyamaza utaumia?"

"Alijua. Aliniahidi atajisema mwenyewe."

"Kikulacho..." mama alianza, akashindwa kuimalizia methali hiyo, maana huyo aliyekuwa nguoni alikuwa ametoka tumbo moja naye. Alikwenda chumbani akafunga mlango. Kwa majuma kadhaa alimpikia binti yake, akamfulia, akamwombea, na hakulitaja jina la kaka yake mbele yake. Lakini Jumatano alikuwa akifunga kitambaa kichwani na kutoka na bakuli lililofunikwa, na Nukta hakuuliza linakwenda wapi.

Kazini walimletea msomaji mpya wa mita, dada mmoja makini, mwenye sauti safi kama kengele. Siku ya kwanza alisoma namba, na kabla hajaimaliza Nukta alikuwa ameshainuka kwenye dawati, amesimama nyuma yake, anaangalia mita mwenyewe. Namba ilikuwa sawasawa. Ya pili akainuka tena. Ya tatu yule dada alinyooka.

"Samahani, bosi. Nimekosea kitu?"

"Hapana. Umesoma vizuri."

"Basi ni kwamba huniamini tu."

Lilikuwa neno la haki. Nukta alitaka kumpa jibu la kazi, la onyo na kanuni, lakini halikutoka. "Sijui nikwambie nini," alisema. "Vumilia kidogo." Yule dada aliinua mabega, akasogea pembeni, na tangu siku hiyo kila alipomaliza kusoma alisogea mwenyewe bila kuambiwa, akampisha. Jambo hilo lilimuuma Nukta kila mara, na kila mara aliinuka.

Mjomba alikuja siku moja, miezi ikiwa imepita. Nukta alirudi kutoka kazini akamkuta sebuleni na mama, vikombe vya chai mbele yao, amekonda, amenyoa ndevu vibaya. Adabu ya miaka yote ilimtoka Nukta mdomoni kabla hajaamua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Alijisogeza kitini, kama anayempa nafasi. "Umerudi. Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda."

Mama aliwatazama wote wawili kwa matumaini yaliyokuwa wazi usoni kama njaa. Mjomba alikohoa. Alisema redio za watu zimekuwa nyingi siku hizi, anapata kazi kidogo kidogo. Alisema magoti yanamsumbua. Alizunguka hapa na pale, na kila alipolikaribia lile jambo alirudi nyuma, mpaka Nukta akaelewa kwamba hatalisema. Alikuja akitaka lisahauliwe bila kuguswa.

"Pole na magoti, mjomba," alisema. Alichukua mkoba wake, akapita jikoni, akafungua bomba akaanza kuosha sufuria lililokuwa safi. Aliwasikia wakiagana. Aliusikia mlango. Mama aliingia jikoni, akasimama kando yake, akavuta kitambaa cha kukaushia, akanyoosha mkono apewe sufuria.